Mkaa, Rangi na Mto: Nani Huamua Maji Gani Yasafishwe?

Kuna swali moja ambalo wanafunzi wa kemia katika vyuo vikuu vingi hulijibu mwaka hadi mwaka, na hulijibu vizuri: je, mabaki ya mimea yanaweza kugeuzwa mkaa wenye uwezo wa kuondoa rangi katika majitaka ya viwanda vya nguo? Jibu ni ndiyo. Vifuu vya nazi, makapi ya mpunga, magunzi ya mahindi, maganda ya korosho, makapi ya miwa, hata magugu maji, vyote vimekwisha kupimwa maabara na vyote vimeonekana kufaa kwa kiwango kimoja au kingine. Mimi si mkemia. Ni mwalimu wa historia, na swali linaloninyima usingizi ni jingine. Ikiwa jibu hili linajulikana, na kama nitakavyoonyesha, kiini chake kimejulikana kwa zaidi ya miaka 200, kwa nini mito inayopita kando ya viwanda bado hubadilika rangi?

Hoja yangu ni fupi. Katika historia yote, mkaa umetumika kusafisha kile ambacho mwenye nguvu alitaka kisafishwe. Ulisafisha sukari kwa sababu wafanyabiashara waliitaka iwe nyeupe. Ulisafisha hewa ya askari kwa sababu majenerali walitaka askari wapumue. Maji ya mkulima wa mchicha hayajasafishwa, si kwa sababu mkaa umeshindwa, bali kwa sababu hakuna aliyelazimishwa kuyasafisha.

Tuanze na kazi yenyewe. Mkaa wa kawaida wa jikoni una vitundu vingi, lakini vingi vimezibwa na lami iliyobaki wakati mti ukiungua. Kuuamilisha mkaa ni kuvizibua vitundu hivyo na kuchimba vingine vipya. Hilo hufanywa ama kwa mvuke mkali kwenye joto la nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi, ama kwa kuloweka malighafi katika kemikali kama asidi ya fosforasi kabla ya kuichoma kwa joto la chini zaidi pasipo hewa ya kutosha. Kinachopatikana huitwa mkaa amilifu. Gramu moja ya mkaa huo, ikitengenezwa vizuri, huwa na uso wa takriban mita za mraba 1,000 ukijumlisha kuta za vitundu vyake vyote. Gramu saba, ambazo hazijazi kiganja, zina uso unaokaribia ukubwa wa kiwanja cha mpira wa miguu. Chembe za rangi zinapopita hapo hunata kwenye kuta hizo. Wataalamu huuita mnato huo adsopsheni, neno lililoingizwa katika sayansi mwaka 1881 na mwanafizikia Mjerumani Heinrich Kayser. Jambo la kuzingatia ni kwamba rangi haiharibiwi, hunaswa tu. Nitalirudia jambo hili mbele.

Kutoka duka la dawa hadi kiwanda cha sukari

Mwaka 1785, mjini St Petersburg, mfamasia Johann Tobias Lowitz alikuwa akihangaika kupata fuwele safi za asidi ya tartari. Mchanganyiko wake ulikuwa ukigeuka kahawia kila alipouchemsha. Aligundua kwamba unga wa mkaa ukitiwa humo, ukahawia huondoka. Akaendelea kuujaribu mkaa kwenye pombe kali na kwenye maji yaliyooza, na matokeo yakawa yale yale. Hapo ndipo maarifa ya kuondoa rangi kwa mkaa yalipoanza kuandikwa kisayansi: kwa mkaa wa miti, yaani kwa mmea.

Waliouchangamkia ugunduzi huo zaidi hawakuwa watawala wa miji yenye maji machafu. Walikuwa wasafishaji wa sukari. Kufikia mwishoni mwa karne ya 18, mkaa wa miti ulikuwa umeingia katika usafishaji wa sukari nchini Uingereza. Mwaka 1811 Mfaransa Pierre Figuier alionyesha kwamba mkaa wa mifupa huondoa rangi vizuri zaidi, na kwa muda mrefu katika karne ya 19 mifupa ya wanyama ndiyo iliyoifanya sukari ya mezani Ulaya kuwa nyeupe. Tukumbuke sukari hiyo ilitoka wapi. Sehemu kubwa ililimwa na Waafrika waliofanywa watumwa katika visiwa vya Karibi. Sukari ilisafishwa kwa makini wakati aliyeilima bado alikuwa mtumwa. Huo ndio utaratibu tutakaoukuta tena na tena: teknolojia huifuata bidhaa, haimfuati mtu.

Rangi zinazaliwa, mito inabadilika

Mwaka 1856, kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alikuwa akijaribu jijini London kutengeneza kwinini, dawa ya malaria ambayo dola za Ulaya zilihitaji sana katika makoloni ya nchi za joto. Kwinini hakuipata. Alipata rangi ya zambarau iliyotokana na lami ya makaa ya mawe, na kwa bahati hiyo ikazaliwa sekta ya rangi za kemikali. Ndani ya miaka michache viwanda vilitapakaa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Uswisi.

Madhara hayakuchelewa. Mjini Basel, katika miaka ya 1860, arseniki iliyotumika kutengeneza rangi nyekundu iliingia katika visima, watu wakaugua, na mwenye kiwanda akafikishwa mahakamani. Kaskazini mwa Uingereza, mito iliyopita katika miji ya pamba na sufu ilikuwa imechafuka kiasi kwamba tume ya serikali iliyochunguza mito Aire na Calder ilipokea waraka ulioandikwa kwa maji yenyewe ya mto badala ya wino, na nakala ya waraka huo ikachapishwa katika taarifa rasmi. Sidhani kama kuna ushahidi wa kimahakama uliowahi kutolewa kwa ufupi zaidi ya huo.

Mwaka 1876 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia uchafuzi wa mito. Mwaka huo huo Heinrich Caro, mkemia wa kampuni ya BASF ya Ujerumani, alitengeneza buluu ya methilini, rangi ambayo mpaka leo hutumiwa kupimia nguvu ya mkaa amilifu. Rangi ilisonga mbele; sheria ilibaki nyuma. Sheria ile iliacha mlango wazi kwa wenye viwanda. Hawakuweza kushtakiwa bila idhini ya mamlaka kuu ya serikali za mitaa, na mamlaka hiyo ilitakiwa kuzingatia masilahi ya viwanda vya eneo husika kabla ya kutoa idhini. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya watautambua mlango huo. Bado tunaujenga katika sheria zetu.

Kisha ikaja rangi yenye jina linalotuhusu. Mwaka 1884 mkemia Mjerumani Paul Böttiger alisajili hataza ya rangi nyekundu iliyoshika kwenye pamba moja kwa moja, bila kuhitaji dawa ya kuishikilia. Kampuni ya AGFA ya Berlin iliinunua na kuiuza kwa jina la nyekundu ya Kongo. Ndani yake hapakuwa na mmea wa Kongo, wala udongo wa Kongo, wala ujuzi wa Mkongo. Ila mjini Berlin, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekaa mezani kuamua hatima ya bonde la Kongo, na jina hilo lilikuwa midomoni mwa watu. Jina la nchi iliyokuwa inanyakuliwa likawa tangazo la biashara.

Nyekundu ya Kongo hutengenezwa kutokana na benzidini, kemikali iliyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji Ludwig Rehn wa Frankfurt aliripoti uvimbe wa kibofu miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi, na utafiti wa miongo iliyofuata ukaitia benzidini na jamaa zake hatiani. Karibu karne moja baada ya Rehn, mwaka 1994, Ujerumani ilizipiga marufuku nguo zenye rangi zinazoweza kuachia kemikali za kundi hilo, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2002. Angalia sheria hizo zilianzia wapi: zilianzia kwenye ngozi ya mvaaji. Maji yaliyosuuza nguo hiyo huko ilikotengenezwa yaliachiwa sheria za huko huko.

Kokwa za pichi na barakoa za vita

Katika miaka ya 1900 na 1901, Raphael von Ostrejko alisajili hataza za njia mbili za kuamilisha mkaa wa mimea: moja kwa kemikali za kloridi, nyingine kwa mvuke au gesi ya kaboni kwenye joto kali. Msingi wa viwanda vya leo vya mkaa amilifu ni njia hizo mbili. Lakini kilichoipeleka teknolojia hii kwa kasi hakikuwa mto wowote mchafu. Ilikuwa gesi ya klorini, ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915.

Mkaa ukawa silaha ya kujilinda. Nchini Urusi Nikolay Zelinsky alibuni barakoa ya mkaa mwaka huo huo wa 1915. Marekani ilipoingia vitani iligundua kwamba mkaa bora wa barakoa hutoka kwenye vifuu vya nazi, na vifuu havikutosha. Mwaka 1918 serikali ikawaomba wananchi wasitupe kokwa za pichi na maganda magumu ya jozi. Mapipa yakawekwa hadharani, watoto wa skauti na wanachama wa Msalaba Mwekundu wakakusanya, na wananchi wakaambiwa kwamba kokwa 200 zinatosha barakoa moja. Taifa zima lilifundishwa kwa miezi michache tu kwamba taka ya jikoni ni mali ya umma.

Ninalisimulia hili kwa wanaharakati hasa. Mara nyingi tunaambiwa kwamba ukusanyaji wa mabaki ya mimea ni mgumu, hauna tija, na watu hawana mwamko. Historia inasema vingine. Palipokuwa na dhamira ya dola, kokwa zilikusanywa. Na mwishoni mwa miaka ya 1920, wakazi wa miji ya Marekani walipolalamikia harufu na ladha mbaya ya maji ya bomba waliyoyalipia, mamlaka za maji zilianza kutia mkaa amilifu katika mitambo yao. Mlipa ankara alisikilizwa.

Rangi ilikuja kwetu, kisha yakaja maji yake

Wakati mito ya Ulaya ikibadilika rangi, pwani yetu ilikuwa ikizivaa rangi hizo. Kaniki ilitoka India. Kanga, zilizoshamiri kuanzia robo ya mwisho ya karne ya 19, zilichapwa Uingereza na Uholanzi, na baadaye India na Japani. Kwa zaidi ya nusu karne tulinunua rangi, na maji yake machafu yakabaki kwa waliotuuzia.

Uhuru ulibadili hesabu hiyo, na ulipaswa kuibadili. Ilikuwa haki kwamba nchi inayolima pamba isokote, ifume na ipake rangi yenyewe. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Mwanza nayo ikapata Mwatex. Kenya ilikuwa na Rivatex mjini Eldoret katika miaka ya 1970. Ajira zilipatikana, vitenge na kanga za nyumbani zikapatikana. Lakini tuliagiza mashine za kupaka rangi bila kuagiza pamoja nazo, kwa uzito ule ule, somo la Aire na Calder. Nchini Tanzania sheria iliyounda Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira ilikuja mwaka 1983, miaka 15 baada ya Urafiki, na sheria kamili ya mazingira ikasubiri mpaka 2004.

Uzito wa suala hili uko katika pamba yenyewe. Rangi za kisasa zinazojifunga kwenye nyuzi za pamba, ambazo ziliingia sokoni mwaka 1956, hazishiki zote. Kulingana na aina ya rangi na namna ya kazi, kati ya asilimia 10 na 50 hubaki katika maji na kumwagwa. Miligramu moja tu katika lita huweza kuonekana kwa macho, na rangi nyingi zimetengenezwa makusudi zisiharibike kwa jua, sabuni wala vijidudu. Sifa ile ile inayoifanya kanga isichuje ndiyo inayoufanya mto usijisafishe.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unalikatiza jiji la Dar es Salaam, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Kwa miongo mingi umepokea majitaka ya viwandani, ya majumbani na ya karakana kwa pamoja, na bondeni mwake watu wanalima mboga zinazoliwa na jiji hilo hilo. Mkulima wa bonde hilo hana ankara ya maji wala hana jenerali. Ndiyo maana hayumo katika historia niliyoisimulia mpaka sasa.

Kilichotokea Tirupur

Yupo mkulima mmoja aliyejiingiza kwa nguvu katika historia hii, naye yuko kusini mwa India. Mji wa Tirupur, jimbo la Tamil Nadu, hutengeneza fulana zinazouzwa Ulaya na Marekani. Bila shaka baadhi yake hutufikia baadaye kama mitumba. Mamia ya viwanda vya kupaka rangi yalimwaga maji yao katika mto Noyyal. Bwawa la Orathupalayam, lililojengwa kwa ajili ya umwagiliaji, likageuka kuwa hifadhi ya majitaka yenye chumvi na rangi, na wakulima waliojengewa wakawa hawayataki maji yake.

Wakulima hao waliunda chama chao na kwenda mahakamani. Kesi ilichukua miaka, amri zikatolewa na kukiukwa, mpaka Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras ilipoamuru viwanda vyote vya kupaka rangi na kung'arisha nguo vya Tirupur vifungwe hadi vitakapoweza kufanya kazi bila kumwaga hata tone mtoni. Amri hiyo iliumiza. Maelfu ya wafanyakazi walikosa kazi, na wapo wenye viwanda waliohamishia shughuli zao kwingine. Lakini walioendelea walijenga mitambo ya kuyarudisha maji na kuitumia chumvi upya. Teknolojia iliyodaiwa kuwa ghali mno iliwezekana siku ilipokuwa sharti la kufungua lango la kiwanda.

Tahadhari kwa wanaoupenda mkaa

Nisieleweke kwamba mkaa wa mabaki ya mimea ni dawa ya kila ugonjwa. Yapo mambo matatu ya kuyasema wazi.

Kwanza, kipimo cha maabara mara nyingi hufanywa kwa maji safi yaliyotiwa rangi moja, ama buluu ya methilini, ama nyekundu ya Kongo. Majitaka halisi ya kiwanda yana rangi kadhaa, chumvi, magadi, wanga na sabuni, vyote vikigombea vitundu vile vile. Ndiyo maana kiwandani mkaa huwekwa mwishoni, baada ya hatua za kugandisha uchafu na za vijidudu.

Pili, kama nilivyotangulia kusema, rangi iliyonaswa haijatoweka. Mkaa ulioshiba lazima ufufuliwe kwa joto au uteketezwe kwa utaratibu. Ukitupwa jalalani tumeuhamisha mto kuupeleka jalalani, kwa wakazi wengine maskini.

Tatu, neno taka ni neno la kisiasa. Kijijini magunzi ni kuni, makapi ya mpunga huchomea matofali, vifuu hupikia. Mradi unaokuja na kusema unakusanya taka bure huenda unachukua nishati ya jikoni kwa mama fulani. Malipo yake yawemo katika hesabu tangu mwanzo.

Tahadhari hizi hazifuti hoja. Zinaionyesha sura yake ya kweli. Kila moja inahitaji mamlaka yenye kupima, kutoza na kusimamia. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, nayo inatambua kwamba mchafuzi ndiye anayepaswa kulipa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatoa haki kama hiyo katika ibara ya 42. Maandishi tunayo. Gharama ya kutosafisha nayo inalipwa kila siku; suala ni kwamba inalipwa na yule asiye na kiwanda.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanafunzi ni dogo. Anayepima mkaa wa vifuu mwaka huu aupime pia kwa maji yaliyochotwa chini ya bomba la kiwanda, si kwa buluu ya methilini peke yake. Akimaliza, nakala ya tasnifu isiishie maktaba. Ipelekwe katika ofisi inayosimamia vibali vya kumwaga majitaka mtoni, kama vile Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kwa upande wa Msimbazi, ikiambatana na barua yenye maswali mawili ambayo mtumishi wa umma anaweza kuyajibu kwa ukurasa mmoja: kibali cha kiwanda kilicho juu ya mto huu kinaruhusu rangi kiasi gani, na ni lini mara ya mwisho mtu alikwenda kuipima?